Mee Kabla ya Wakati

Seche, mtani wangu,

Jumamosi ni arobaini yako na mimi sijala cha maana tangu juzi. Hata uji nauacha. Ungekuwepo ungesema, "Mnyamwezi akikosa hamu ya kula, ujue kiama kimefika," halafu ungecheka mwenyewe kabla sijajibu. Nimekaa kwenye cherehani yako kukuandikia, maana kwenye yangu sare za shule zimerundikana hadi sindano haionekani.

Nikueleze, kwa kuwa msiba wako hukuuona. Sikukutania. Wagogo wa ukoo wenu waliniachia nafasi karibu na jeneza, wakangoja. Kila mtu pale alijua kazi yangu kama mtani. Nijifunge kanga yako, niige ule mwendo wako wa kuburuza kandambili, nizuie jeneza njiani na kusema halipiti mpaka mrudishe hongo yote mliyowatoza babu zetu kwa maji ya kunywa, walipokuwa wakikatiza Ugogo na mizigo kichwani kwenda pwani. Si ndivyo tulivyoishi humu dukani? Nikigusa tu mtungi wa maji, unanyoosha mkono: "Lipa hongo, mpagazi!" Basi siku ile nilifungua mdomo, hakikutoka kitu. Jeneza likapita. Hakuna aliyecheka makaburini, Seche. Hata mmoja.

Wiki iliyopita mama yako alikuja dukani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa kwenye stuli ya wateja akawa anakunjakunja kipande cha kitambaa. Halafu akasema, taratibu, bila ukali wowote: "Milembe mwanangu, mwenzio tumemzika kama mtu asiye na mtani. Kama mgeni aliyefia njiani." Akaaga, akaondoka.

Tangu hapo sina raha. Nikikata kitambaa namsikia. Jana nimekata shati moja la mtoto mikono mitatu. Na yeye mwenyewe hacheki tena, yule mama aliyekuwa akikufokea upunguze redio huku mabega yake yanacheza kwa kicheko. Shangazi zako wanatoka Dodoma kesho, na wameniletea salamu kwamba Jumamosi wananitegemea.

Cha kufanya nakijua. Atakayekuigiza wewe bila ile albamu ya mbuzi hajakuigiza. Lakini tangu ufe sikuwa nimeifungulia, na ndiyo ilikuwa hofu yangu yenyewe.

Unakumbuka tulivyoipata? Stendi ya Nzega, basi limeharibika, tunatoka Igunga kwa mchumba wako. Muuza kaseti akatuambia hiyo ni ya watoto. Ukamwambia, "Sisi ndio wenyewe, lete." Na kweli, ni nyimbo za kitoto tupu. Mbuzi kavaa viatu, hataki matope. Mvua inabisha hodi, inaombwa isubiri nguo zikauke. Kinanda kinarukaruka kama mtoto aliyepewa andazi. Nilikuwa naona aibu wateja wakiingia, wewe unaongeza sauti. Mchumba akaja akawa mume, akaondoka. Kaseti ikachakaa, tukahamishia kwenye flashi. Mbuzi akabaki na viatu vyake.

Nimejiuliza sana kwa nini hatukuichoka. Nafikiri ni kwa sababu albamu ile haijui kuna hospitali. Mbuzi anapotea wimbo wa pili, anapatikana wimbo wa tano, kila siku, hata siku tulizokuwa tunanuniana. Ulipolazwa wodini uliiweka kwenye simu, nesi akakwambia uzime, na baadaye nikamsikia koridoni akiimba habari za viatu.

Ndiyo maana niliogopa. Nilijua nikiifungulia nitalia, na ikishaliliwa mara moja imekwisha, itakuwa nyimbo za msiba kama nyingine tu. Ningekupoteza wewe na mbuzi pia.

Leo asubuhi nikasema liwalo na liwe. Nikabonyeza. Ikafika pale yule dada mwimbaji anapoimba "mbuzi akasema..." halafu kinanda kinanyamaza kidogo, ndipo wote waitikie mee. Wewe ulikuwa huwezi kusubiri. Miaka yote uliingia mapema, dada hajamaliza, nami nakusonya. Nilishika meza, nimejiandaa kwa machozi. Na Seche, "mee!" ikanitoka mimi. Mapema. Mama mmoja aliyesimama mlangoni na kaptula ya mwanawe akashtuka, kisha akacheka mpaka akashika mlango.

Ndipo nikalia, na nililia hasa. Wimbo haukunisubiri. Uliendelea kuruka na viatu vyake, haukuharibika hata kidogo.

Sikudanganyi kwamba sasa nimetulia. Itakuwaje mdomo ukifunga tena? Itakuwaje nikisema mee na mchungaji wa kanisa akanikodolea macho, na mama yako akainama? Nawaza hayo hadi uzi unakatika.

Lakini nakuahidi. Jumamosi nitajifunga ile kanga yako ya njano, nitavaa kandambili zako, redio begani, nisimame mbele ya masufuria ya pilau. Hatakula mtu mpaka hongo ya babu zangu irudi. Shangazi zako wakianza kunijibu, nitafungulia wimbo wa viatu, na nitaingia mapema kama wewe, kwa sauti.

Lala salama, rafiki yangu. Maji ya mtungi nakunywa bure siku hizi, na siyafurahii.

Watakuwepo watu wengi, ila mimi nitamtazama mama yako tu. Akicheka, ndipo tutakuwa tumekuzika.

Mpagazi wako,
Milembe