Wadogo Nyuma Yangu

Jumatatu, 26 Agosti

Naandika yote, hata ya aibu. Nimejiahidi.

Leo tena, baada ya vipindi, nimepita shule yangu ya zamani ya msingi, hapa hapa Kivinje, kuwafundisha ngoma wadogo wa darasa la tatu. Watacheza kwenye mahafali ya darasa la saba. Mimi natangulia, wao saba nyuma. Mwalimu Hadija anasema msichana wa kidato cha pili ameshafikia umri wa kuigwa.

Kaka Issa, mpiga ngoma wetu, aliwasha makuti makavu akaipasha ngoma mpaka ngozi ikakaza. Ilipolia nikafumba macho. Huwa nafumba. Nikifumba naona chini ya bahari. Mchanga mweupe, maji juu yangu kama dari ya kioo. Natembea tu. Watu hawapo.

Watu nawaogopa.

Jumatano, 28 Agosti

Aibu. Wadogo nao wanafumba macho. Wote! Ningejuaje, nami nimefumba?

Leo wamegongana kama kuku kwenye tenga. Rehema, mdogo kuliko wote, ameangukia ngoma akapasuka mdomo.

"Wamelala hawa!" Kaka Issa akapiga kelele. "Waleteeni mikeka!"

Mwalimu hakucheka. Kasema wakifumba tena hawachezi, watakaa pembeni wapige makofi.

Rehema hakuulilia mdomo, alilia kwa kuogopa kuwekwa pembeni. Anaishi hapa kwa shangazi yake, na mama yake anaacha mikorosho Kitomanga aje kumwona akicheza. Hawajaonana tangu Idi.

Alhamisi, 29 Agosti

Nimewaambia wafumbue. Wakaitikia vizuri, "Ndiyo, dada Zuwena." Ngoma ikaanza. Wakafumba.

"Na wewe fumbua, Zuwena," akasema Mwalimu.

Kumbe nilikuwa nimefumba. Najichukia leo.

Jumapili, 1 Septemba

Nimejaribu uani, macho wazi. Mbuzi wa jirani walisimama kunitazama huku wakitafuna. Nikafumba. Nimeshindwa hata mbele ya mbuzi.

Jumanne, 3 Septemba

Nimemsindikiza Rehema kwa shangazi yake. Njiani nikamuuliza kwa nini wanafumba.

"Tunatafuta unachokiona, dada. Ukicheza unatabasamu."

"Na mnaona nini?"

"Giza." Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Labda sisi bado wadogo."

Sijawahi kumwambia mtu. Nikamwambia yeye. Mchanga, maji, mwanga unavyoshuka polepole. Alisikiliza mdomo wazi, kidonda chake kimeanza kukauka. Akauliza kama kuna samaki. Sijawahi kuangalia. Nikamwambia nitaangalia.

Lakini siyo Jumamosi, siku ya mahafali. Jumamosi nafumbua. Nikishindwa mimi, mama yake atakuwa amesafiri kuja kuona makofi.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimefumbua.

Watu wengi mno. Akina mama kwenye mikeka, simu zimeinuliwa, watoto juu ya ukuta. Nilitaka kukimbia. Nikakosea hatua, nikatanguliza kushoto badala ya kulia. Nyuma yangu nikasikia miguu ya wadogo wote ikikosea vilevile, kwa pamoja, dhu! Basi walikuwa wananiona. Macho yao yalikuwa wazi.

Vigelegele. Watu walidhani ndivyo inavyochezwa.

Nikamwona mwanamke mmoja amesimama, ncha ya khanga mdomoni, paji la uso ni la Rehema kabisa. Hakunitazama hata mara moja. Nilifurahi mpaka nikasahau kuogopa.

Bahari haikuja. Nimeihuzunikia kidogo.

Jumapili, 15 Septemba

Kimya. Shule zimefungwa. Rehema kaenda Kitomanga na mama yake kwa likizo fupi. Nimefua, nimeanika, nimesoma kurasa chache.

Alasiri nikacheza uani peke yangu. Bila ngoma, macho nimefumba. Mchanga ulikuwepo, na maji. Nikajisikia vizuri. Halafu nikasimama katikati, nikakumbuka kwamba Rehema amenifuata katika kufumba, amenifuata katika kukosea, amenifuata katika kufumbua. Jambo lake mwenyewe silijui.

Nimekwenda kwa shangazi yake. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanipa chai. Kila jioni hupiga simu Kitomanga. Nimemwomba amuulize Rehema swali moja tu, na leo hii hii aniletee jibu: huko shambani, Rehema akicheza peke yake, bila mtu wa kuiga, anafumba au anafumbua?