Fyuzi Iliyobaki Mfukoni Mwako

Fundi wangu,

Koti lako la kazi nimepewa mimi. Tulipomaliza matanga pale kwako Kawetele, mama, mkeo, alinikabidhi mbele ya ndugu zako, akasema, "Huyu Tumpe ndiye aliyekuwa mtoto wake wa kazi." Nililia mpaka nikaona aibu.

Mfukoni nilikuta fyuzi ya mashine ya kusaga. Uliing'oa asubuhi ile uliyozidiwa, kama ulivyofanya kila mara kabla hatujagusa waya. "Fyuzi ikiwa mfukoni mwangu, hata mwenye nyumba hawezi kuniua," ulikuwa ukisema, kisha unalipigapiga koti na kucheka. Umekufa kwa kifua, Fundi. Umeme haukukupata.

Nilikwenda nayo Ibighi kwa mwenye mashine, nikamwomba nimalizie kazi yetu. Zilibaki swichi na taa ya stoo tu. Akaniangalia kuanzia miguuni. "Binti, wewe si ulikuwa unashika ngazi?" Ameshaleta mtu mwingine. Kwa kuwa fyuzi haikuwepo, fundi huyo mpya kafunga kipande cha waya mnene mahali pake, na mashine inasaga kutwa. Nilimweleza mwenye mashine kwamba siku mota ikizidiwa hakuna kitakachokatika, nyaya zitawaka ukutani, na wanawake wanapanga foleni pale wakiwa na watoto mgongoni. Akanitoa nje.

Sijui niende wapi. Tangu kiwanda cha chai kiuzwe na ninyi mkapunguzwa kazi, Tukuyu mafundi umeme ni wengi kuliko nyumba zenye umeme, na hakuna anayetaka kufundisha msichana. Wewe ulinipa plaizi yako siku ya kwanza, na kila nilipokurudishia ulisema "ndaga", ukinishukuru kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nakufundisha. Sasa nauza ndizi sokoni na mama yangu. Jana mteja aliniuliza nilikuwa nafanya nini kabla ya ndizi, nikamjibu, "Nilikuwa namshikia fundi ngazi." Nimelisema mwenyewe, kwa mdomo wangu. Nimechoka, Fundi. Kwa nini uliondoka tukiwa katikati ya kazi?

Lala, baba. Koti nimelivaa, ingawa mikono yake inanifunika vidole, na fyuzi imo humo humo ulimoiacha. Nakuahidi kupita pale mashineni kila asubuhi kabla ya soko, nisimame mlangoni, mpaka waniache nikichomoe kile kipande cha waya na kuirudisha fyuzi kwa mkono wangu. Huenda asubuhi moja nikakuta majivu. Nitapita tu.

Ndaga, Fundi. Ndaga fijo.

Tumpe