Nilivyokuna Nazi Diaca

Mjukuu wangu Amade,

Salamu nyingi kutoka Mocímboa. Sisi wazima, bibi yako kapata miwani, sasa anauona uvivu wangu wote. Umeniuliza kama uache masomo ya ustawi wa jamii, maana wenzako wanakucheka kuwa ni kazi ya wanawake.

Hata mimi nilichekwa nilipoifanya kazi hiyo. Siku moja kule Diaca, wenzangu wa kike waliingia ndani kwa mama aliyefiwa na mwanawe. Mimi mwanamume nikabaki nje na mumewe, ambaye hakuwa amesema neno tangu mazishi. Ili nisikae bure, nikajitia kukuna nazi.

"Bwana we, unakuna nazi au vidole?" akaniuliza. Akaninyang'anya mbuzi ya kukunia, akakuna mwenyewe. "Mwanangu alipenda sana wali wa nazi," akasema, na machozi yakamshuka.

Nikasogea tu karibu yake. Ndani, mkewe alikuwa na watu wa kulia nao. Yeye pale nje hakuwa na mtu, mpaka nilipobaki mimi.

Maliza masomo yako, mume mwenzangu. Bado wako wengi wamekaa pale nje.

Babu yako, ambaye hadi leo hapewi nazi akune.