Tinto kwa Wasiopigiwa Simu

Mama Graciela,

Nisaidie mwenzio, mimi msomaji wa safu yako ya ushauri gazetini. Mimi nakaa dirisha la malalamiko kwenye kampuni ya kusafirisha vifurushi hapa Bucaramanga, na barabara zetu unazijua, mvua ikinyesha mlima wote unashuka njiani na mzigo wa mtu unalala huko, basi bosi wetu, don Evaristo, akaajiri wanawake wa kuwapigia simu waliocheleweshewa, wawaombe radhi na kuwaahidi mzigo unaofuata utakwenda bure, na mmoja wao ni Nubia, komadre wangu aliyemsimamia mwanangu ubatizo, mjane, watoto wake wanakula kwa kazi hiyo. Sasa don Evaristo akataka kujua kama simu hizo zinarudisha wateja kweli au anajifurahisha tu, akaagiza kompyuta ipige kura, nusu ya waliocheleweshewa wapigiwe na nusu wapate ule ujumbe wa kawaida, kisha tuone kundi lipi linarudi kutuma mizigo, na akaniambia mbele ya watu, "Yolima, huruma zako ziache getini."

Lakini mama, hao walioachwa walikuwa wanakuja dirishani kwangu wenyewe, wamefura, mmoja gauni la binti yake la sherehe ya miaka kumi na mitano limefika wageni wameshaondoka, na mimi sikulelewa kumwacha mtu asimame analia mbele yangu, nikawa nawaingiza ndani, nawapa kiti, kikombe cha tinto, kahawa yetu nyeusi, ya moto, na mkate wa jibini, nawasikiliza mpaka watulie, wengine nikawatafutia mizigo yao kwa madereva, na nilifanya hivyo kwa wale wasiopigiwa tu, kwa sababu niliona wenzao wameshapata chao.

Matokeo yametoka, makundi yote mawili yamerudi sawasawa. Don Evaristo kasema basi simu hazina kazi, Nubia na wenzake wanaondoka mwisho wa mwezi. Jumapili Nubia alikuja kwangu akasema, "Komadre, labda sauti yangu ndiyo inayowachukiza." Nikamwongezea supu tu. Nikisema nitafukuzwa, nisiposema nimemtosa komadre wangu. Nifanyeje?

Yolima

Yolima mwanangu,

Vuta pumzi kwanza, halafu nikugombeze.

Uliambiwa usiingilie, ukaingilia. Tinto haina ubaya. Ungewapa wote, waliopigiwa na wasiopigiwa, nisingekuwa na neno nawe. Wewe ukachagua kundi moja. Hao waliachwa makusudi, ili ionekane mtu aliyeudhiwa akiachwa hivihivi anarudi au anahamia kampuni nyingine. Kwako hakuna aliyeachwa. Don Evaristo anadhani amelinganisha simu na kimya, kumbe amelinganisha simu na wewe, na mmetoka sare.

Umeiona nafuu iliyomo humo? Hakuna kilichoonyesha kwamba simu za Nubia ni bure. Huenda zinafaa sana. Huenda hazifai. Hilo bado halijapimwa, na mtu hafukuzwi kwa jambo ambalo halijapimwa.

Lililoniudhi zaidi ni ile supu. Mwenzio anaichukia sauti yake mwenyewe, nawe jibu unalo mdomoni, unamwongezea supu. Nenda kwake leo hii, umwambie yote, hata akikufokea. Kesho mwone bosi kabla hajasaini lolote. Usilie wala usijitetee, mweleze ulivyofanya na uliwafanyia akina nani. Mwombe kura ipigwe upya kwa watakaocheleweshewa kuanzia sasa, safari hii makundi yawe matatu: wa simu, wa kiti na tinto, na wa ujumbe mtupu. Nani aketi kwako iamue kompyuta. Mwombe pia mtu mwingine ashike dirisha la wasiopata kitu, maana moyo wako naujua sasa. Na jaribio likiisha, walioachwa wapewe haki yao, nao walicheleweshewa.

Nilikuwa nimefika hapo, wasomaji wangu, gazeti linangojewa mtamboni, Yolima akanipigia. Alishindwa kusubiri jibu langu, akaenda mwenyewe. Anasema don Evaristo alimwita punda, akauliza kwa nini hakusema mapema, kisha akasema, "Afadhali nimejua kabla sijawafukuza." Kura inapigwa upya, dirisha la wasiopata kitu kapewa mwingine, na Yolima kabaki kazini akiwa na onyo.

Kwa Nubia ilikuwa ngumu zaidi. Alilia, akamtukana vizuri tu, akakaa siku nzima bila kumsemesha. Halafu asubuhi akampigia. Yolima akadhani anafukuzwa kwenye ukomadre. Nubia akasema, "Nakupigia kukuomba uniombe radhi. Haya, anza, nikusikie unavyofanya, mimi ndiyo kazi yangu."

Walicheka mpaka wakalia tena. Nami nimeshukuru, Yolima. Ushauri wangu umekuta umeshafanya lililo gumu, basi fuata lililobaki: mteja ambaye kura haikumpa kiti chako akikufuata, mpe pole ya kawaida, mwelekeze dirisha la mwenzako na ukae kimya. Itakuuma. Vumilia, ajira ya Nubia inategemea ukimya wako huo.