Chombo Kimesamehewa

Mama Hawa, mke wangu,

Barua huanza kwa kumjulia hali anayeandikiwa. Niliwafundisha wanafunzi hivyo miaka yangu yote ya ualimu, na leo nimelazimika kuiacha kanuni hiyo, kwa sababu hali yako naijua. Ijumaa iliyopita nilikuja kaburini, nikang'oa majani, nikakusomea Fatiha, kisha nikarudi nyumbani Mikindani na jambo ambalo sikulisema. Nimeona niliandike. Kuandika nakuweza zaidi.

Jambo lenyewe ni lile la dukani kwa Bi Saida.

Wewe unalijua, atakayeisoma barua hii halijui, kwa hiyo nitalieleza kwa utaratibu. Ndugu zako wa Nanyamba walikuwa wanakuja kututembelea baada ya msimu wa korosho. Ulisema vikombe vyetu vimemeguka midomo na huwezi kuwapa watu wa kwenu chai humo. Tukaenda mjini Mtwara, kwenye duka la vyombo ambalo wanawake wenzako walikuwa wakilisifu. Mimi nilitaka vikombe sita vyeupe. Nilidhani ni kazi ya dakika kumi.

Lilikuwa duka la ajabu. Bi Saida alikusanya vyombo vya zamani kutoka nyumba za watu: sahani za bati zenye maua mekundu, birika za shaba, bilauri nene za kijani. Alikuwa na sahani za kauri zilizochorwa majogoo, ambazo alisema zilivushwa kwenye kivuko cha Kilambo kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma. Rafu nzima ilikuwa ya vitu vya mzaha: buli lenye umbo la kuku anayeatamia, bakuli mfano wa jani la kabichi, kopo la sukari lenye masikio. Ulizunguka humo kama mtu aliyealikwa. Mimi nilisimama karibu na mlango, nimeshika mwavuli.

"Mwalimu, njoo uone," uliniita. Hata baada ya kuzaa uliendelea kuniita Mwalimu. "Chikombe chenye chura."

"Kikombe," nikasema.

"Ndiyo. Chura yumo humu ndani, amekaa chini kabisa. Mtu anakunywa, anakunywa, mwisho anakutana na mwenye nyumba."

"Kikombe. Ki, si chi."

Kinywani mwako, ki ya Kiswahili ilitoka chi, kama inavyotoka kwa Wamakonde wengi. Nilikuwa nikiisahihisha tangu mwaka tuliooana, na kwa kawaida ulirudia neno kama nilivyotaka, mambo yakaisha. Siku ile hukurudia. Ulikigeuza kile kikombe mkononi, ukanitazama.

"Na hapa ni duka la nini?"

"La vyombo."

"Kikiwa kimoja?"

"Chombo."

"Mbona si kiombo?"

"Kwa sababu mzizi wake unaanza na irabu. Ki ikikutana na o, inakuwa ch."

"Aa. Kwa hiyo chombo kimesamehewa," ukasema. "Na chenye kimesamehewa. Na changu kimesamehewa. Chikombe peke yake ndicho kilichopelekwa mahakamani."

Bi Saida alicheka hadi akaiweka chini bilauri aliyokuwa akiifuta. Wanawake wawili waliokuwa wakichagua chupa za chai waligeuka, na mmoja akaniambia, "Mzee, hapo umepatikana. Mtolee dhamana." Wewe hukucheka. Ulinitazama tu, umefurahi, ukingoja nicheke kwanza.

Nitaandika nilichokisema kama nilivyokisema, bila kukipunguza. Nilisema, "Ukitaka kusema mbele za watu, jifunze kwanza kusema."

Ulikirudisha kikombe kwenye rafu. Nililipia vile vyeupe. Kwenye bajaji ulishika boksi mapajani mpaka Mikindani, na uliposhuka ulimshukuru dereva, basi.

Hatukugombana. Laiti tungegombana, ningekuwa na mahali pa kuombea radhi. Ulipika, ulifua, ulinisalimu asubuhi. Kwa majirani ulikuwa yule yule. Nilikusikia ukichekesha watu uani, na kicheko kikakatika niliponyanyua pazia. Lakini kwangu mimi maneno yalipungua. Kila kitu kikawa "ile". Nipe ile. Iweke pale. Nami, Mungu anisamehe, nilikuuliza ile ipi, nikakueleza kwamba kisu ni cha ngeli ya ki-vi na kisemwe kile. Baada ya hapo ukaanza kunyoosha kidole.

Hata ulipolala kitandani kwa maradhi yale ya mwisho, ulininyooshea kidole. Adhuhuri moja ulionyesha upande wa dirisha. Nikakuletea maji. Ukatikisa kichwa. Nikakuletea khanga, kisha tasbihi, kisha kijiko, nikijua kabisa kijiko hakihusiki. "Sema unachotaka," nikakuambia. Ulifumbua midomo. Naapa niliona neno linakuja. Kisha ukasema, "Basi, Mwalimu." Sijajua mpaka leo ulitaka nini.

Hiyo ndiyo habari ya zamani. Sasa nikupe habari ya Hawa.

Binti yetu anaolewa mwezi ujao, na mumewe atamchukua Songea. Ni kijana mwenye adabu, ungempenda. Nyumba itabaki na mimi. Sililalamikii hilo, ndivyo mabinti wanavyolelewa. Kinachonisumbua ni kwamba Hawa anazungumza nami kwa Kiswahili kizuri mno. Ndiyo, baba. Hapana, baba. Chakula kiko tayari, baba. Hasimulii kitu. Nilidhani ni heshima, na huenda ni heshima. Lakini sitaki aondoke hivi, kwa sababu akishaondoka kutakuwa na simu tu, na kwenye simu mtu asiyesimulia hana la kusema.

Kwa hiyo nilijitolea kwenda naye kununua vyombo vya nyumba yake. Alinipeleka kwa Bi Saida. Hakujua. Ningeweza kukataa, sikukataa.

Bi Saida amezeeka, lakini alinitambua kabla sijavuka kizingiti. "Mwalimu," akasema, "yule mama wa chombo kimesamehewa yuko wapi? Mimi kila mteja akisifu chombo namwambia, hicho kimesamehewa, chukua."

Nikamwambia umetangulia mbele ya haki. Alikaa kitini. Akasema inna lillahi, akashika mkono wa Hawa, akaushikilia muda mrefu.

"Chombo kimesamehewa ni nini?" Hawa akauliza.

Bi Saida akanitazama, maana kusimulia kulikuwa haki yangu. Nikasimulia. Nilieleza rafu, nikaeleza chura, nikafika kwenye maneno yako, na ulimi wangu ukasema, "Mama yako akasema, kikombe chenye chura."

Hawa akangoja. Nikarudia. Nikasema kikombe tena. Mama Hawa, nilijaribu. Neno nililokutoza faini maisha yetu yote lilikataa kutoka kinywani mwangu, na bila neno lile maneno yako hayana maana. Yanakuwa swali la mtihani.

"Baba," Hawa akasema taratibu, "ukikisahihisha hakichekeshi."

Ikabidi Bi Saida asimulie yeye, na akasimulia vizuri, na ile sentensi yangu ya mwisho akairuka kwa huruma. Hawa alicheka, kisha akafunika uso kwa mtandio. Aliponitazama tena aliuliza, "Mbona hukuwahi kuniambia?"

Ulikuwa umesema maneno ya akili kuliko yote niliyowahi kuyasikia katika sarufi, nami nikayaficha kama aibu, hata mwanao asirithi.

Kikombe cha chura kiliuzwa zamani. Hawa alichukua sahani za majogoo na lile buli la kuku. Nilisema ni zuri. Alishangaa.

Juzi asubuhi nilikuwa natoka msikitini, nikamsikia Hawa jikoni. Alikuwa akizungumza kwa simu na mama mdogo wake wa Nanyamba, mdogo wako, nusu Kimakonde, nusu Kiswahili, mbio mbio, anacheka. Sikuwahi kuisikia sauti ile ikielekezwa kwangu. Wewe unajua kwamba mimi sikaribii mlango wa jikoni bila kukohoa, ili wanawake wajue nakuja. Siku hiyo sikukohoa. Nilivua kandambili, nikakaa barazani. Nilielewa labda theluthi moja. Nilisikia "baba" ikitajwa, kikafuata kicheko, nami nikaridhika kuchekwa.

Alitoka kumwaga maji, akanikuta.

"Umekaa hapo tangu saa ngapi, baba?"

"Si muda mrefu. Mama yako mdogo anasemaje?"

Alinitazama kupima kama nauliza kwa dhati. Kisha akaweka ndoo chini, akaegemea nguzo, na uso wake ukafunguka. "Mama mdogo ana vituko," akaanza. "Juzi kaenda mnadani, kapanga kununua mkeka, karudi na chi..."

Akanyamaza. Macho yake yakanijia kama macho ya mwanafunzi aliyesimamishwa mbele ya darasa. Niliinamisha kichwa, nikangoja, nikimwomba Mungu Hawa alimalize neno lile.

"Karudi na sufuria, baba," akasema. Akachukua ndoo yake, akaingia ndani.

Siombi unijibu, Mama Hawa. Nimebakiwa na majuma matatu naye. Lala salama huko uliko.

Mumeo,
Baba Hawa