Baba Asinyweshwe Chai Amelala

Grand Prairie, Texas

Dada yangu Moraa,

Hamjambo huko nyumbani? Magoti ya Mama yanaendeleaje? Mimi mwili ni mzima ila hasira zimenijaa, na nitakueleza sababu kabla sijaanza kukugombeza wewe.

Katika nyumba ya wagonjwa ninakofanya kazi yuko mzee mmoja wa kwetu Kenya, alipigwa na kiharusi kama Baba. Alipopimwa kumeza, ikaonekana maji yanamwingia mapafuni. Kwa hiyo kila kinywaji tunakitia unga maalumu wa hospitali kiwe kizito, anaketi wima, tunampa kijiko kimoja kimoja, na akimaliza namchungulia mashavuni kama kuna chakula kimebaki. Maagizo nimeyabandika ukutani juu ya kitanda.

Jumapili kina mama wa kanisa wakaja na chupa ya chai. Nikawaeleza yote. Wakaitikia vizuri, kisha wakasema tumwombee mzee. Nikafumba macho. Nilipofumbua, mmoja alikuwa ameshamwekea kikombe mdomoni.

"Aki nurse, usitu-stress," akaniambia. "Ni chai kidogo tu. Mzee ata-recover aje na hii maji yenu inavutika kama ute?"

Mzee akapaliwa mpaka macho yakamtoka. Kesho yake homa, keshokutwa yake hospitali, nimonia. Na mimi ndiye niliyeandika ripoti, nikieleza kwa nini nilifumba macho kazini!

Sasa wewe. Juzi kwenye video nilimwona Baba amelala chali, shangazi anamnywesha chai, Baba anakohoa, nawe unaniambia ni baridi. Baridi gani, Moraa? Hukusikia sauti yake ilivyojaa maji? Nilikata simu nikaketi kwenye gari nikalia.

Mpeleke hospitali kesho, wampime kumeza na kifua. Wao ndio watakaosema ale nini, na kinywaji kiwe kizito kiasi gani. Lakini kulishwa amelala, hilo liishe leo. Aketi wima, awe macho kabisa, na akimaliza abaki ameketi kama nusu saa.

Nisalimie shangazi, mwambie simchukii. Nisalimie pia mjomba wetu mwalimu, yeye ndiye awapeleke hospitali kwa gari. Baba atadai chai yake, na atafoka. Mwambie ni Kemunto aliyekataza. Anikasirikie mimi niliye mbali, maana wewe unahitaji akufungulie mdomo unapomlisha.

Mdogo wako,
Kemunto