Kidole Gumba Kinachochelewa

Bergamo, Italia
Jumapili, kabla ya ibada

Ndugu yangu Charo,

Shikamoo uliyonipa juzi kwa simu niliikata kwa ukali wangu, kwa hiyo naanza kwa kuiitikia ipasavyo: marahaba, mdogo wangu. U hali gani? Mgongo je? Na shemeji yangu Kadzo, kikohozi cha vumbi la huko kwenu Barani kimemwacha? Niarifu pia kama mvua imefika Magarini, maana mahindi ya dada yetu hayangoji.

Mimi namshukuru Mungu. Nyonga niliyopasuliwa inapona. Baridi ni kali, lakini mwanangu Riziki hunivisha soksi mbili mbili kama mtoto anayepelekwa kliniki. Hushinda kazini akitunza wazee wa watu, kisha hurudi kumtunza mzee wake, na sijamsikia akilalamika.

Sasa sababu ya barua hii. Uliniambia kwamba fundi wa studio amekataa kuendelea kurekodi nyimbo zako mpaka umruhusu akinyooshe kidole gumba chako kwa kompyuta. Anadai kwamba kinachelewa kwenye uzi mnene wa gitaa, na kwamba nyimbo zenyewe hazina ukoo: huu taarabu, huu rumba, huu wa kanisani, na mwingine umeuokota kwa Waitaliano pale hotelini. Anataka jibu Alhamisi. Nami nikasema, "Fundi anasema kweli. Tangu zamani nakuambia unachelewa."

Ukacheka kidogo. "Kaka, wewe hata siafu wakipita utawapanga mstari upya." Kisha ukaniaga upesi, nikajua nimekuumiza.

Kauli niliyoitoa kwa mdomo naiondoa kwa maandishi. Riziki ataipiga picha barua hii leo na kukutumia, ili ikuwahi kabla ya Alhamisi.

Kuna mama anayekuja kila asubuhi kunifundisha kutembea upya. Alitaka nifuate muziki, akafungulia wake kwenye simu, ngoma ikigonga sawasawa kama saa ya ukutani. Kila nilipouinua mguu mbovu, pigo lilikuwa limekwisha kupita. Nilijikwaa mara tatu, nikamwambia Riziki amfasirie kwamba mimi si askari wa gwaride. Riziki akacheka, akaweka nyimbo ulizotutumia, zile ulizozirekodi mwenyewe barazani.

Charo, nilitembea. Mguu mzima ulitangulia, mguu mbovu ukafuata kwa kuchelewa kidogo, na gumba lako lilikuwa pale likiungoja. Rumba ikaisha, ukaja wimbo wa kanisani. Gumba ni lile lile. Ukaja ule wa Kiitaliano, yule mama akaanza kuuimba, kisha akasita.

"Huyu kajifunza wapi kuupiga hivi?" aliuliza. "Kwetu hauchechemei."

Nilifika mlangoni, nikageuka, nikarudi hadi kitandani bila kushika meza.

Nilipoketi ndipo nilipomkumbuka mama yetu na kayamba lake la mabua. Mkono wake wa kushoto ulivunjika alipoanguka na mzigo wa kuni, ukaunga vibaya. Akilitikisa kayamba kwenda kulia, mbegu zililia kwa wakati wake. Likirudi kushoto, zilichelewa. Wanawake wenzake walimtania: "Mama Karisa, kayamba lako linachechemea." Naye akawajibu, "Basi chezeni kwa kuchechemea." Nao wakacheza. Wewe ulikuwa mgongoni mwake, umefungwa kwa leso. Mimi nilikuwa shuleni.

Taarabu uliisikia nje ya harusi za mjini, ukazihamisha sauti za udi kwenye gitaa. Rumba uliipata kwenye redio ya baba. Lakini kila ulichokisikia umekipitisha kwenye mkono ule wa mama, nami miaka yote hiyo nilikuwa nakugongea mapigo kwa rula mezani nikidhani nakusahihisha wewe. Nilikuwa namsahihisha yeye. Nisamehe, na ahsante kwa kutonisikiliza.

Mwambie fundi, kwa adabu, kwamba gumba halinyooshwi. Akikataa, chukua gitaa lako urudi barazani urekodi kwa simu, kama ulivyozirekodi hizi zilizoninyanyua. Maneno ya ubeti wa pili wa ile rumba yana makosa mawili, hayo yarekebishe. Gumba liache.

Nisalimie shemeji Kadzo. Dada yetu Mbeyu, mwenye mahindi. Mzee wa kanisa anayekuvumilia na gitaa lako. Na jirani yako mpiga udi, ambaye sikuwahi kumshukuru kwa kukuachia ukae mlangoni pake ukimsikiliza.

Kesho najaribu ngazi za nyumba hii. Ni kumi na moja. Nimemwambia Riziki aanze na wimbo wa taarabu, maana ndio unaochelewa zaidi.

Kaka yako, anayecheza kwa kuchechemea,
Karisa